Mwenyekiti Ameshusha Fimbo

Sanamu iliyosimamishwa njia panda pale Karatu, mahali magari ya watalii yanapopunguza mwendo kabla ya kupandisha Ngorongoro, haifanani na baba yangu hata kidogo. Naanza na hilo kwa sababu watu wananiuliza. Sanamu ina kifua kipana, baba hakuwa na kifua. Ina shingo ya mtu anayekula nyama kila siku. Imevishwa suti ya Kaunda, juu yake ikatupiwa shuka la lubega, na miguuni ina mabuti ya askari, kwa sababu kamati ilishindwa kukubaliana mwenyekiti wa kijiji wa wakati wa vita alikuwa anavaa nini, ikaamua kumvalisha vyote. Baba yangu alivipitisha vita vile vyote akiwa na katambuga za matairi.

Mnara wenyewe ni wa kuwaheshimu wenyeviti wa vijiji waliokuwa madarakani wakati wa vita vya Kagera. Si wale waliokwenda kupigana. Hawa ni waliobaki nyumbani, wakakusanya mahindi na ng'ombe wa jeshi, wakaandikisha vijana, na baadaye wakatumwa kuwaambia wazazi nani hatarudi. Mnara hauna jina hata moja. Mmoja wa wenyeviti hao alikuwa mfugaji wa Kimasai kutoka juu Ngorongoro, na familia yake ilisema wazi kwamba marehemu wao hatajwi kwa jina, sembuse kuchongwa barabarani kila mpita njia amsome. Kamati ikaona afadhali lisiandikwe jina la yeyote, sanamu moja isimame kwa niaba ya wote. Hilo nililiunga mkono. Baba mwenyewe hakupenda kuitwaitwa.

Ninaishi Ganako, kwenye nyumba aliyoniachia, peke yangu. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Watoto wangu wako Arusha na Dodoma, wananipigia simu Jumapili baada ya ibada, na wakishaniuliza kama nimekula wanakuwa wameishiwa maneno. Huwa nasema silalamiki, lakini nalalamika. Mtu wangu wa kuongea naye alikuwa mmoja tu: mama jirani, ng'ambo ya kibonde, ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Kila siku jua likianza kuegemea upande wa msitu, ama mimi nilivuka na chupa ya chai, ama yeye alikuja na viazi vya kuchemsha amevifunga kwenye kitambaa. Hatukuwa na mengi. Alinikosoa. Chai yangu ina majani mengi, mahindi yangu nimeyabananisha, paka wangu ni mwizi. Siku ambayo hakunikosoa nilijua anaumwa.

Mama huyo alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, akaenda vitani, hakurudi. Haikuja habari ya kifo, haikuja habari ya uhai. Wenzake waliorudi walisema walimwona mara ya mwisho akipanda lori, basi. Tangu hapo hakuna aliyesema neno, na yeye hakuwahi kukaa matanga, maana utamliliaje mtu ambaye hujaambiwa amekufa?

Ili nieleweke, lazima nieleze habari ya fimbo.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne au la tano. Vita vilipoanza, baba alizunguka nyumba kwa nyumba kuhimiza michango ya mahindi. Siku moja akatokea kwa mwanamke ambaye mumewe aliondoka na kundi la kwanza. Kabla hajafungua mdomo, yule mwanamke alimwona tu pale kwenye ua wa minyaa, akaanguka, na mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia. Lakini baba alirudi nyumbani uso umemsawajika, akaenda kukaa jikoni, mahali ambapo wanaume wa kwetu hawakai. Kesho yake akaitisha mkutano wa kijiji.

"Mimi ndiye nitakayeambiwa," alisema, "na mimi ndiye nitakayekuja kwenu. Siwezi kuacha kutembea, na nyinyi hamwezi kuzimia kila mkiniona. Basi tazameni fimbo. Ikiwa begani, nimefuata mahindi, nimefuata vikao, maneno ya kawaida tu. Nikiishusha mkononi, kaeni chini mnisubiri."

Nchi yetu ni ya miinuko na mabonde, nyumba zinatazamana. Mtu akitokeza kwenye kona ya barabara ya juu, unamwona muda mrefu kabla hajakufikia. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua macho, wakaona fimbo iko begani, wakaendelea na jembe. Ikiwa imeshuka, bonde zima lilinyamaza, kila mtu anatazama baba anakata njia ya kwenda kwa nani. Akifika, watu wa nyumba ile walikuwa wameshaketi chini uani, naye hakuhitaji kusema mengi. Nadhani ndiyo maana aliubuni utaratibu ule. Alikuwa mkulima wa mbaazi, hakuwa na maneno ya kazi kama hiyo.

Sasa kwetu Wairaqw, zamani, nyumba iliyofikwa na kifo ilijitenga. Haiendi kwa watu, watu hawaji, hawachangii maji wala moto, mpaka muda wake utimie. Na mtu anayeingia kwenye misiba mingi kiasi kile, watu walimwona ameibeba. Hawakumtukana. Walimheshimu mno, na walimkwepa mno. Mama yangu alipika chakula cha wageni kwa mazoea, wageni hawakuja. Shuleni wenzangu hawakunywa kwenye kikombe nilichonywea. Nikitumwa kuomba chumvi, mwenye nyumba alinitazama mikono kwanza. Nilikuwa mtoto, nilitaka kuruka kamba na wenzangu, na kamba ilisimama kila nilipofika. Nilimchukia baba kwa hilo, kimya kimya, miezi mingi.

Vita vikaisha. Baba fimbo haikumtoka begani. Alikwenda nayo shambani begani, mnadani begani, hata chooni. Kanisani aliifikisha mpaka mlangoni begani, mchungaji akamtania kwamba anaonekana kama mtu aliyesikia kuna nyoka. Tulimcheka. Uzeeni goti likamharibikia, daktari akamwambia atembee na fimbo ya kuegemea, na fimbo anayo, lakini iko begani, naye anachechemea chini yake kama mtu aliyebeba mwiko wa shughuli. Nikamwuliza siku moja, "Baba, kwa nini usiegemee tu?"

Akaninyooshea kidole ng'ambo ya kibonde, kwa yule mama. "Yule bado anatazama," alisema. "Sijaambiwa. Siwezi kushusha kitu ambacho sijaambiwa."

Njia ya kwenda shambani kwetu inapita mbele ya ua wake. Miaka yote baba alipita pale fimbo begani, asubuhi na jioni, anachechemea. Niliona ni huruma kubwa. Nilijivunia. Alipofariki niliilaza fimbo ile juu ya misumari miwili, juu ya mlango wa sebule, na iko pale mpaka leo, au tuseme ilikuwa pale.

Siku ya kuzindua mnara nilikodi bajaji, nikampeleka mama jirani. Familia za waliokwenda vitani zilialikwa, na yeye alivaa gauni lake la kanisani na kitenge kipya ambacho alilalamika njia nzima kwamba kinateleza. Kulikuwa na hema, kwaya, vumbi, mgeni rasmi aliyechelewa. Magari ya watalii yalisimama kidogo, wazungu wakatoa simu kupitia juu ya paa, wakaondoka. Kisha kitambaa kikavutwa.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaangalia mikono ya sanamu. Mkono wa kushoto umenyooshwa mbele, kuelekea maendeleo nadhani, ingawa kwa kweli unaelekea kituo cha mafuta. Mkono wa kulia umeshika fimbo, na fimbo imeshuka. Imenyooka kando ya mguu, ncha yake inagusa chini.

Sanamu ilikuwa imetugeukia sisi.

Nilipogeuka, mama jirani alikuwa ameshatoka kwenye kiti cha plastiki. Ameketi chini, kwenye udongo mwekundu, na gauni lake la kanisani, mikono juu ya magoti. Nyuma ya hema mzee mmoja nisiyemjua naye alikuwa ameshuka kwenye kiti chake. Wengine wote walikuwa bado wanapiga makofi. Binti mmoja wa huduma ya kwanza akaja mbio na maji. "Ni jua, bibi, jua kali leo," alisema. Mama jirani hakuyapokea.

Kwenye bajaji hakusema neno, hata kuhusu kitenge. Tulipofika alishuka, akaingia ndani ya ua wake. Kesho yake nilivuka na chai, nikakuta tawi bichi limelazwa mlangoni pa ua, alama ya zamani ya nyumba iliyojitenga kwa msiba. Nikaita. Sauti ikatoka ndani: "Rudi, mwanangu." Siku iliyofuata vilevile. Mama ambaye kwa miaka yote alikuwa na la kusema juu ya majani ya chai, sasa ana maneno mawili tu.

Nilipandwa na hasira, na hasira yangu mimi si ya kulala ikaisha. Niliona wazi kilichotokea. Vijana wa halmashauri, kwa kutojua na kwa kutouliza, wamekwenda kumwambia mama wa watu kwamba mwanawe amekufa, mbele ya kwaya, kwa kutumia saruji. Kitu ambacho baba yangu alikataa kukifanya mpaka anaingia kaburini. Na mimi wameniachia chupa ya chai ya watu wawili. Nilijaribu kunywa zote mwenyewe. Nilijaribu kupunguza maji. Mwishowe nikawa nazungumza na paka, na paka si msikilizaji.

Nikaenda kwa afisa utamaduni wa wilaya. Ni kijana mpole, ana viatu vyeupe ambavyo sijui anavisafisha saa ngapi na vumbi hili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Fimbo ya sanamu iko chini."

"Ndiyo, Mama."

"Inatakiwa iwe begani."

Akacheka kwa adabu. "Mama yangu, hiyo ni pozi tu, haina noma. Fundi katoka Arusha, ana uzoefu. Kiongozi fimbo anaishika chini, inaleta heshima. Begani si atakuwa kama mchunga mbuzi?"

"Na nani kakwambia baba yangu hakuchunga mbuzi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza, nampa haki yake. Akasema lete wazee wengine wanaokumbuka, tupate nguvu ya kuipeleka juu. Nikaenda kuwatafuta. Hapo ndipo nilipoogopa. Wengi wamekufa. Wengine walihamia Mang'ola kwenye vitunguu na wao wakafia huko. Nilimpata mzee mmoja aliyekumbuka vizuri kabisa habari ya fimbo. Alinishika mkono kwa furaha, kisha akaniuliza kama baba hajambo. Nikamjibu hajambo. Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa bodaboda walikuwa wananiita, maana sikutaka kukaa nyuma ya mtu nikalilia mgongoni mwake.

Niligundua kwamba lugha ile ya fimbo, iliyokuwa ikinyamazisha bonde zima, sasa tunaijua watu wa kuhesabika, na mmoja wao amejifungia.

Lakini sikuacha. Kila wiki nilikwenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya yule kijana. Nilimletea ndizi. Niliwasalimia wakubwa wake kwa sauti, nikiwaambia nimekuja tena kwa suala la mkono wa sanamu. Mwishowe bega la sanamu likapata ufa, fundi ikabidi aitwe, na yule kijana akanipigia simu, amefurahi kuliko mimi. "Mama, umeshinda. Kesho asubuhi fundi anakata mkono, anaweka nondo mpya, fimbo inapanda begani. Uje na camera."

Jioni ile ile nilivuka kibonde. Sikubeba chai. Nilisimama nje ya tawi, ambalo sasa lilikuwa limekauka, nikaita kwa nguvu kama mtu mwenye habari njema.

Alitoka mpaka mlangoni pa nyumba. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake bila kilemba, kilikuwa kidogo sana.

"Simama hapo hapo," alisema.

"Mama, wanaibadilisha. Nimepigana nao mpaka wamekubali. Kesho fimbo inapanda begani, itakuwa kama baba alivyokuwa. Ilikuwa makosa. Hakuna mtu aliyeleta habari yoyote, Mama. Ni makosa ya fundi."

Aliangalia kona ya barabara ya juu. Nilidhani hajasikia.

"Unajua baba yako alikuwa anapita hapa," alisema.

"Najua, Mama."

"Kila siku. Namwona akitokeza pale kwenye kona. Nilikuwa nasimama na jembe namwambia Mungu, leo aishushe. Ng'ombe hawajatoka, moto sijawasha, naomba leo aishushe. Anakuja, anachechemea, iko begani. Ananisalimia. Namjibu. Anapita." Akajifuta mdomo kwa mkono. "Siku alipokufa nililia sana, mlinisifu nilivyolia. Nilikuwa namlilia nani? Nililia kwa sababu amekwenda nayo begani, na hakuna mwingine wa kuishusha."

Huruma ile niliyojivunia miaka yote, mwenyewe aliyetendewa alikuwa anaipokea namna hii, kila asubuhi na kila jioni, na sisi tunacheka kwamba mzee ana kituko.

"Mama, yeye alikuwa hajaambiwa," nilisema.

"Najua hakuambiwa. Alikuwa mtu mkweli. Simlaumu." Akaketi kwenye kizingiti. "Ila sasa imeshushwa. Kwa makosa, kwa saruji, mimi sijali. Nimekaa chini, nimenyoa, mtoto wangu nimemlilia, namlilia kila siku na nimefika karibu na mwisho. Kesho mkiirudisha begani, mimi nitamweka wapi tena?"

Upepo wa jioni wa kule juu ulikuwa umeanza kushuka, ule wa baridi. Niliona amevaa kanga moja tu.

"Nitawaambia waache," nilisema.

"Waambie." Kisha akauliza, "Ile fimbo yake unayo?"

"Ninayo. Iko juu ya mlango."

"Ile ya mjini ni ya watu wote. Mimi nataka ya kwangu. Wewe ni mtoto wa mwenyekiti. Kesho uje nayo, na uje kwa njia. Usikatize kibonde."

Asubuhi nilimpigia simu yule kijana, nikamwambia mkono usikatwe, wazibe ufa tu waache. Akasema, "Mama, kweli?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka na mimi, na ana haki. Kisha nikapanda juu ya kigoda, nikaishusha fimbo kutoka kwenye misumari. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Pale katikati, mahali ilipokuwa inalala begani, mti umekuwa laini na mweusi. Pale kwenye mpini, pa kushikia, hapajalika hata kidogo.

Nilizunguka kwa barabara ya juu. Kwenye kona, mahali watu walipokuwa wakimwona kwanza, niliishusha mkononi, nikaanza kuteremka. Kijana wa bodaboda akapita, akanipigia honi, "Mama mwalimu, shikamoo! Nikufikishe?" Nikamjibu marahaba, nenda tu. Wanawake walikuwa shambani wanavuna mbaazi, wakaniinulia mikono kunisalimia. Hawakujua wanachokiona. Hakuna bonde lililonyamaza. Redio ilikuwa inaimba mahali fulani, na lori lilikuwa linahema kwenye mlima. Nikahisi mgongoni jinsi baba alivyokuwa peke yake kwenye njia ile, na jinsi ambavyo sikuwahi, hata mara moja, kutembea naye.

Tawi halikuwepo. Mlango wa ua ulikuwa wazi, uwanja umefagiwa. Mama jirani alikuwa ameshaketi chini katikati ya uwanja, miguu imenyooshwa, ananitazama tangu kwenye kona.

Nilisimama mbele yake na fimbo imeshuka. Baba hakuwa akisema mengi, nami sikusema. Niliita tu jina la mwanawe mara moja, kama mwalimu anavyoita darasani, na yeye akaitikia kwa niaba yake.

Kisha nikaketi naye chini.